Kiti Kilichosogezwa Nyuma

Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tano. Manyunyu yalikuwa yamepita alfajiri na kuiacha lami ikimeremeta. Mawingu yalining'inia chini, na kulikuwa na ubaridi ule unaoyafanya magari ya zamani yakohoe kwanza kabla ya kukubali kuwaka. Asubuhi za namna hiyo ndizo alizozipenda Mzee Sikio. Kwenye baridi, alikuwa akisema, injini haina pa kuficha ugonjwa.

Jina la Sikio alipewa na madereva wenzake wa kituo cha teksi kilicho mbele ya zahanati, na walimpa kwa heshima. Kabla ya kushika usukani alikuwa fundi wa injini, tena si wa kubahatisha. Mpaka leo ungeweza kupita na gari lako, yeye ameketi kwenye benchi na kikombe chake cha chai, akakwambia bila kuinua uso kwamba plagi yako moja haichomi. Ungemkatalia, ungekwenda zako, na jioni ungerudi kumwomba radhi.

Kituo kile kilikuwa na desturi yake. Kabla ya safari ya kwanza ya siku, madereva waliwasha magari yao na kuyaacha yangurume, na Mzee Sikio alipita kutoka gari hadi gari. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akaomba: "Ee Mungu, lilinde gari hili, na anayeliendesha, na atakayelipanda, na atakayekatiza mbele yake." Alikuwa mtu wa sala kwelikweli, asiyeomba ili aonekane. Lakini kiganja kile bado kilikuwa kiganja cha fundi, kwa hiyo mara nyingi sala ilimalizika hivi: "Amina. Kabadilishe mkanda wa feni." Watu walicheka, na mkanda walibadilisha.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mpwa wake alipokuja na gari la umeme.

Huyu alikuwa binti wa dada yake, na mjomba ndiye aliyemfundisha udereva tangu hajui breki iko wapi. "Tikisa gia kwanza, mwanangu, uhakikishe iko fri, haijashika," alikuwa akimwambia. "Halafu kanyaga mafuta mara mbili, injini inywe kidogo. Ndipo uwashe." Binti alikuwa mfupi. Akikaa nyuma ya usukani ilibidi kiti kisogezwe mbele mpaka mwisho, na juu yake aweke mto. Madereva walimtania kwamba anaendesha kwa kidevu. Mwaka huu alikuwa ameuza gari lake la petroli, ambalo lilikunywa mafuta kana kwamba limetumwa na mwenye pampu, akanunua lile jeupe lisilo na mlio. Siku hiyohiyo wakampachika jina: Kimya.

Asubuhi yake ya kwanza na gari lile, mjomba alifika, akaweka kiganja juu ya boneti jeupe, akafumba macho, akangoja. Boneti lilikuwa baridi. Halikutetemeka hata kidogo.

"Liwashe kwanza, mwanangu, niombe," alisema.

"Limewaka, mjomba."

Kituo kizima kiliangua kicheko. Redio, dereva ambaye mdomo wake haujazimwa tangu auwashe utotoni, alishika mbavu. "Jamani, leo mzee wetu ameombea friji!"

Sikio naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Aliondoa mkono, akaenda kwenye gari la pili. Tangu asubuhi hiyo akawa analiruka gari la mpwa wake. Alijiambia kwamba anangoja kulizoea. Ukweli, ambao hakuuambia hata mto wake wa kulalia, ni kwamba aliona haya, na haya ile ilikuwa imechacha ndani yake ikawa kinyongo.

Sasa wiki hii kulikuwa na jambo kubwa. Kampuni moja ilitaka kusimika mashine ya kuchajia pale kituoni na kuwapa magari ya umeme kwa masharti nafuu wale watakaotaka, mradi madereva wakubaliane. Kura ilipangwa Ijumaa. Tangu habari ifike, hakuna aliyekunywa chai yake ikiwa moto.

"Tuseme ukweli," alianza Redio Jumanne hiyo, wote wakiwa wamejibana kwenye benchi la mbao. "Umeme wenyewe unakatika kila mtu akipiga chafya. Ukikatika nimebakiwa na chaji kidogo, abiria nimwambie nini? Ashuke tupige soga mpaka urudi?"

"Na petroli ilipoadimika wewe ulimwambia nini?" Kimya alimrudishia. Alikuwa amesimama, maana kwenye benchi miguu yake haikufika chini na hakutaka kuwapa la kusema. "Si ulilala kwenye foleni umekumbatia dumu kama mtoto? Siku zile abiria wako wote niliwabeba mimi."

"Hapo umenipiga," Redio alikubali. "Lakini dumu nililipata. Umeme nitaukinga kwa dumu gani?"

Mwenyekiti wa kituo, mtu wa makamo ambaye hakupenda jambo liamuliwe kabla ya kuligeuza mgongo na tumbo, aliinua kidole. "Mimi hofu yangu ni betri. Ikizeeka? Nasikia kuibadilisha ni kama kununua gari jingine."

"Haifi ghafla, mwenyekiti. Inapungua nguvu kidogo kidogo, kama sisi wenyewe. Lakini hilo ni swali la haki. Watuandikie dhamana ya betri. Wakikataa, na sisi tukatae."

"Na mimi ninayeishi ghorofani?" aliuliza dereva mwingine. "Nishushe waya kwa dirisha, mwenye nyumba aanike nguo zake?"

"Ndiyo maana wanataka kuweka mashine hapa."

"Wote tukirudi na njaa kwa wakati mmoja?"

"Tutapeana zamu. Siwaambii halina shida. Nawaambia shida zake nimeziona, na za petroli nimeziona pia. Sijabadilisha oili tangu nilinunue. Breki zenyewe haziliki upesi, maana ukiachia mafuta gari linajizuia. Kwa safari zetu za hapa na pale, jioni narudi na chaji imebaki. Safari ndefu ya mkoani? Hapo nitakuwa mwongo nikisema naweza kwenda bila mahesabu."

"Gari lisilo na mlio!" Redio alitikisa kichwa. "Ni kama mume asiyekoroma. Utajuaje kama yuko nyumbani?"

"Muulize mke wako. Jana alipanda langu, akasema amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu mfunge ndoa."

Benchi lilitikisika kwa vicheko. Mzee Sikio peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Gari lazima liseme," alitamka, na wenzake wakanyamaza, maana akisema juu ya magari walizoea kunyamaza. "Likiumwa likueleze, ulitibu. Hili lenu litakufa limekununia. Mimi nipeni dakika moja nalo, nitawatajia ugonjwa wake."

"Karibu, mjomba," Kimya alisema, na hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. "Ukiutaja, kesho naliuza."

Wakati huo mama mmoja mzee mwenye magongo alitokeza kwenye mlango wa zahanati, akapunga mkono. Kimya alimfahamu, alimbeba kila wiki. Akakimbia kumsaidia kushuka ngazi, gari akiliacha pale kando ya benchi, ufunguo ndani. Redio naye akakumbuka kwamba gari lake lilikuwa limekataa kuwaka tangu asubuhi, na wote wakainuka kwenda kulisukuma kwenye mteremko nyuma ya kona, wakimwimbia nyimbo za msibani. Mzee Sikio mgongo wake haukuwa tena wa kusukuma. Akabaki peke yake, yeye na gari jeupe.

Angeweza kungoja. Alikuwa amekaribishwa. Angeweza kukaa kiti cha pembeni mpwa wake akamwonyesha hiki na kile. Lakini kufundishwa na mtoto aliyemfundisha, mbele ya Redio, hilo hakuliweza. Alitaka alisikilize bila macho ya watu, aupate ugonjwa wake, na Ijumaa asimame autaje.

Alifungua mlango. Alikuwa mrefu kuliko wote kituoni, na magoti hayakuingia. Akautoa ule mto, akautupia kiti cha abiria, akashika wenzo chini ya kiti na kukisogeza nyuma mpaka kikagota. Akakaa. Mguu kwenye breki, kama alivyomwona mpwa wake akifanya, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ziliwaka kwenye dashibodi. Akatega sikio.

Hakuna kitu. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa la zahanati. Alisikia mtoto akilia mbali. Gari, hakuna.

Halijawaka, alijiambia.

Basi mikono na miguu ikafanya kazi iliyoizoea, bila kumuuliza mwenyewe. Mkono ulikwenda pale ambapo gia ingekuwa, ukakuta kitufe cha mviringo, ukakitikisa kuhakikisha iko fri. Kikazunguka, gari likaingia gia. Mguu ukatoka kwenye breki, ukakanyaga mafuta mara mbili, injini inywe kidogo.

Gari liliruka kama limechomwa sindano. Lilipanda ukingo, likalivunja benchi ubao kwa ubao, likaenda moja kwa moja kwenye uzio wa waya wa zahanati. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Liliposimama, bampa lilikuwa linagusa waya, na upande wa pili wa waya ule akina mama walikuwa wamepanga foleni ya kupima watoto. Mmoja alikuwa amekaa chini, mgongo wake umeegemea uzio, mtoto begani. Mtoto yule alimtazama Mzee Sikio kupitia kioo cha mbele, macho kwa macho, kidole mdomoni. Mama mtu hakuwa hata amegeuka.

Mzee alitoka nje, akashikilia mlango. Hapo ndipo wenzake walipotokeza kwenye kona mbio, Redio mbele.

"Limejiendea lenyewe!" Redio alipaza sauti. "Jamani, gari limejiendea lenyewe! Na mzee amejitupa ndani akalifunga breki! Mzee! Mzee wetu!"

Mzee Sikio alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale kabisa, kwenye ncha ya ulimi, neno dogo: *mimi*. Lakini tayari walikuwa wamemshika mabega, wanampangusa jasho, wanamletea maji. Akina mama walikuwa wamezunguka uzio wanampigia vigelegele. Yule mwenye mtoto alilia na kumbusu mkono.

Kimya alifika wa mwisho, baada ya kumketisha yule mama wa magongo kwenye ngazi. Alitazama benchi, akatazama uzio, akashika kichwa.

"Niliacha ufunguo ndani," alisema. "Nadhani sikuliweka kwenye gia ya kuegesha. Nadhani niliharakisha. Mungu wangu, nimefanya nini?" Akamwendea mjomba wake, akashika mikono yake yote miwili. "Nisamehe, mjomba. Ungekufa kwa uzembe wangu."

Kila mtu alimtazama mzee, atasema nini. Akasema, "Mungu ni mwema."

Maneno matakatifu, na siku zote aliyasema kwa moyo safi. Siku ile aliyatandika juu ya uongo kama kitambaa juu ya meza iliyovunjika. Alijua hivyo hata yalipokuwa yanatoka kinywani.

Mwenyekiti alitoa agizo palepale. Gari jeupe liondolewe kituoni. Ijumaa, kabla ya kura, kikao kitaamua kama mwenye gari ataendelea kuwa mwanachama au atatafuta kituo kingine. Kimya aliinamisha kichwa na kusema, "Sawa, mwenyekiti." Hakujitetea hata kwa nusu ya neno.

Habari ilimtangulia mzee nyumbani. Jioni, mke wake alimpokea mlangoni na majirani wawili nyuma yake, na ilimbidi akae kwenye kiti kikubwa asikilize kisa chake mwenyewe kikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Katika kisa kile alikuwa ameruka hewani. Majirani walipoondoka, mke akapanga viti kwa sala ya jioni.

"Leo uongoze kwa shukrani, mume wangu," alisema. "Mungu amekuonyesha kazi aliyokuwekea."

Alifumba macho. Alijaribu kuanza, na kila neno lililomjia lilimgeukia. Akisema asante, asante ya nini? Akisema tulinde, na mtoto yule wa kwenye uzio alilindwa dhidi ya nani?

"Ongoza wewe," alisema. "Koo linanikereketa."

Mke aliomba kwa furaha, kwa kirefu, na kila baada ya sentensi chache akamshukuru Mungu kwa kumpa mume jasiri. Mzee aliitikia amina. Kila amina ilimwunguza.

Asubuhi ya Jumatano madereva walimsubiri kwa hamu isiyo ya kawaida. Redio alitaka gari lake liombewe la kwanza. "Kiganja hicho sasa kina kitu," alisema. Mzee alipita gari hadi gari, akaweka mkono, akafumba macho, akahesabu pumzi chache na kusema amina. Hakuna sala iliyotoka. Wala hakusikia mkanda, wala plagi, wala chochote. Watu walidhani ni unyenyekevu. Na siku ile nzima alimsikia Redio akiwaeleza abiria kuhusu gari la umeme linaloondoka lenyewe, kila mara likiondoka kwa kasi zaidi. Abiria walitikisa vichwa na kusema, "Hayo mambo ya kisasa!" Baadhi walisema wamewahi kupanda teksi ya yule dada mfupi na hawatarudia tena.

Alhamisi alasiri Kimya alikuja nyumbani kwa mjomba. Alikataa chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti, ufunguo wa gari mkononi. Mke wa mzee alimpa pole na kuwaacha peke yao.

"Mjomba, kuna jambo linanitatiza," alianza. "Nilipokwenda kuliondoa gari, nilikuta kiti kimesogezwa nyuma mpaka mwisho."

Mzee alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, inang'aa, na ndani yake aliona kivuli cha uso wake.

"Labda ni pale nilipojitupa ndani," alisema.

"Na mto wangu? Niliukuta kwenye kiti cha abiria."

"Ni mtikisiko, mwanangu."

Hii ya leo haikuwa kunyamaza tena. Juzi alikuwa amewaacha watu waseme. Leo alikuwa amesema mwenyewe. Alingoja mpwa wake abishane, amkaripie, asimame na kumnyooshea kidole. Alikuwa karibu kumwomba afanye hivyo. Kimya aliugeuzageuza ufunguo mkononi.

"Wakinitoa kituoni, sijui nitaanzia wapi," alisema mwishowe. "Vituo vingine vimeshasikia." Kisha akainuka. "Sawa, mjomba. Kama ni mtikisiko, basi ni mtikisiko."

Baada ya yeye kuondoka, mzee aliingia chumbani akafunga mlango. Alipiga magoti kando ya kitanda na kukaa hivyo hadi magoti yakafa ganzi. Hakuomba asamehewe. Alikuwa amewafundisha watoto wake kwamba mtu haombi msamaha huku bado amekishika mfukoni alichoiba. Aliomba kitu kimoja tu, afadhali aone haya mbele ya watu kuliko anavyoona sasa mbele ya ukuta.

Ijumaa walikutana palepale kituoni, wakakaa juu ya kreti na madumu, maana benchi lilikuwa rundo la mbao kando ya uzio. Kampuni ilikuwa imemtuma kijana mwenye tai, ambaye alisimama pembeni na mkoba wake kama mtu aliyekuja kuposa akakuta matanga. Kimya alikaa mbali kidogo na wengine. Hakuna aliyesogeza kreti karibu naye.

"Tuanze kwa sala," alisema mwenyekiti. "Mzee wetu."

Mzee Sikio alisimama. Kofia zilivuliwa, vichwa vikainamishwa. Wakangoja. Wakazidi kungoja. Mtu mmoja alikohoa.

"Mzee," Redio alinong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote, "limewaka?"

Wachache walicheka, wakajizuia. Mzee alifumbua macho.

"Sitaongoza sala leo," alisema. "Sistahili. Lile gari halikwenda lenyewe."

Vichwa viliinuka kimoja kimoja.

"Niliingia mimi. Mlipokwenda kusukuma la Redio. Nilitaka kulisikiliza kwa siri, niupate ugonjwa wake, nije nijivune hapa leo. Nilibonyeza kitufe, sikusikia kitu, nikadhani halijawaka. Nikatikisa gia. Nikakanyaga mafuta mara mbili, kama tunavyofanya sisi, injini inywe." Akamwonyesha mpwa wake kwa kiganja. "Halina injini ya kunywa kitu. Mtoto huyu hakuacha gari vibaya. Mtoto huyu hana kosa. Nilimwacha aniombe mimi msamaha, nikamjibu kwa jina la Mungu. Na jana aliniuliza uso kwa uso, nikamdanganya tena."

 Redio alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo kile hakikutoka kitu. Kilipotoka, kilitoka polepole.

"Mzee, mimi nimewaambia watu. Nimewaambia watu wangapi, mzee? Nimemchafua dada wa watu mji mzima kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Hapana, usiniambie ndiyo! Mimi nilikuita jasiri! Mtoto wangu amechora picha yako!"

"Redio, kaa," alisema mwenyekiti. Lakini na yeye alikuwa hamtazami mzee. Alikuwa anatazama mbao zilizovunjika. "Kwa hiyo wiki nzima tumejadili ajali ambayo haikutokea."

"Ilitokea," alisema mzee. "Mimi ndiye niliyetokea."

Uso wake ulikuwa umeiva kwa joto. Alitamani ardhi immeze, alitamani mvua inyeshe, alitamani mtu yeyote acheke. Hakuna aliyemfanyia hisani hiyo. Ndipo Kimya alipoinuka kutoka kwenye kreti yake ya mbali.

"Nilijua tangu nilipokiona kiti," alisema. "Katika kituo chote hiki ni miguu yako tu inayohitaji kiti kisukumwe mpaka mwisho. Nilikuja nyumbani kwako ili nikufungulie mlango, mjomba. Ukaufunga mbele yangu."

"Kwa nini hukusema?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mjomba wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Nikimtaja mimi, nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nilikuwa naomba azivue mwenyewe." Alijifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Na nyinyi sasa msinipigie kura ya huruma. Redio, umeme bado unakatika. Mwenyekiti, betri bado inazeeka. Haya tuyajadili, tuyapigie kelele, yana haki ya kupigiwa kelele. Lakini tujadili gari. Tusijadili pepo."

Kijana mwenye tai aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, akatazamwa, akaacha.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kura itangoja wiki nyingine, watu watulie, na kwamba suala la kumtoa Kimya kituoni limekufa na asilifufue mtu. Sauti za "ndiyo" zilikuwa chache na nzito, za watu wanaojionea aibu na wao. Mmoja wao alisogeza kreti yake akaiweka karibu na ya Kimya.

"Mwanangu," mzee alisema, akapiga hatua moja kumwelekea, "nakuomba..."

"Hapana, mjomba." Aliinua mkono. "Msamaha tutauzungumza nyumbani, mbele ya mama yangu. Nina mengi ya kukwambia huko na si ya kusikiwa na Redio. Hapa, mbele ya hawa uliowadanganya, sema utakachofanya."

Mzee Sikio aliikunja kofia yake mkononi. Alitazama mbao za benchi, akatazama uzio, na nyuma ya uzio akina mama wa siku ile na wengine, ambao walikuwa wamesogea kusikiliza. Yule mwenye mtoto alikuwepo. Mtoto alikuwa na kidole mdomoni.

"Benchi nitalijenga upya," alianza, kwa sauti ya chini.

"Hatusikii huku nyuma!" alisema Redio. Hakuwa anatania.

Mzee alipandisha kifua, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mlango wa zahanati:

"Benchi nitalijenga upya kwa mikono yangu. Nitaanza na mama yule pale, kisha kila abiria na kila kituo kilichosikia, nitakwenda mwenyewe niwaambie aliyeliondoa gari ni mimi. Sitaombea gari la mtu yeyote hapa mpaka nimemaliza. Na Jumatatu asubuhi, mbele yenu nyote, nitakaa kiti cha abiria katika gari la mpwa wangu, nifundishwe kuanzia kitufe cha kuwashia. Naahidi, Mungu akinisikia, na nyinyi mkinisikia."